YAH: Amana yangu na tiketi 23 za abiria mliowaacha Mwanza

Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu ya Shirika,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni wakala wenu wa tiketi hapa Mwanza tangu siku mlipotua mara ya kwanza.

Siku ile nilikuwepo uwanjani. Gari la zimamoto liliimwagia ndege yenu maji, ngoma zikapigwa, na ofisa wenu akatuambia kwamba sasa hata muuza dagaa wa Kirumba atapanda ndege. Na kweli walipanda. Watu waliozoea basi la alfajiri, Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro, wanashuka miguu imevimba, wakaona Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja na nusu. Mwaka wa pili mkaongeza Bukoba na Kigoma, wa tatu mkatangaza Bujumbura na Entebbe, ndege zikiwa zile zile mbili. Moja ikilala karakanani kusubiri vipuri, ratiba nzima inalala nayo. Mawakala tulisema. Ndege mmekodi kwa dola, vipuri kwa dola, sisi tunawakusanyia shilingi. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona hesabu hiyo inaelekea wapi.

Shirika kufa si ajabu. East African Airways, iliyoanza 1946 na kufikia kurusha ndege za jeti aina ya VC10 hadi London, ilikufa 1977 baada ya Kenya, Tanzania na Uganda kushindwa kuelewana, madeni yakiwemo. Wazee waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tuliwaona barabarani Dar es Salaam wakidai mafao yao miaka zaidi ya 30 baadaye. Shirika lile angalau lilikuwa na wenye mali watatu. Ninyi hamkuwa hata na wa kugombana naye.

Ninalolalamikia ni namna mlivyofunga. Jumatatu mlinipigia simu niongeze amana, yaani fedha ninazowatangulizia na bei ya kila tiketi ninayouza inakatwa humo, salio limeisha, la sivyo mfumo utanifungia. Nikakopa kwenye kikoba chetu, nikawatumia shilingi 5,000,000. Kufika Alhamisi nilikuwa nimeuza tiketi 23, na fedha za abiria nimezirudisha kikobani. Jioni ile ukaja ujumbe: safari zimesitishwa "kwa sababu za kiuendeshaji". Ofisi yenu ya uwanjani ina kufuli. Simu ya huduma inapiga wimbo wa kunikaribisha ndani ya ndege.

Abiria hawawajui ninyi, wananijua mimi. Bibi mmoja wa Magu aliyekuwa na miadi ya kliniki Hospitali ya Muhimbili alikaa kwenye benchi langu siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu nikamrudishia nauli kutoka mfukoni. Kwa wale 22 sina uwezo.

Nadai shilingi 4,360,000 za tiketi hizo, ya bibi ikiwemo, salio la amana 640,000, na kamisheni ya miezi miwili. Pia naomba barua yenye mhuri, siyo ujumbe wa simu, niibandike mlangoni watu wajue fedha zao ziko kwa nani. Nasubiri jibu kabla mwezi huu haujaisha. Kikoba kinakutana tarehe 1.

Wakala wenu,
Mwanza.

Nakala:
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania
Tume ya Ushindani