Seli haikukosea kusoma

Shoga yangu Mama Jabu,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia Jumatano pamoja na kashata. Nusu zimefika zimevunjika, lakini zimeliwa hivyo hivyo, mpaka vumbi la mwisho tumelilamba kwenye karatasi.

Sasa lile swali lako kuhusu selimundu ya mwanao Jabu, ulipoambiwa ugonjwa wake umetokana na herufi moja iliyobadilika. "Herufi moja tu? Mimi mteja nikimwandika Mwanaisha badala ya Mwanaasha, gauni linamkaa vilevile." Nilicheka peke yangu kwenye daladala, halafu nikanyamaza. Maana swali hilo lina akili kuliko maelezo uliyopewa kliniki siku ile, "ni mambo ya vinasaba, mama," kisha akaitwa mgonjwa mwingine. Watu siku hizi wanatamka vinasaba kama wanavyotamka kudura, ili mazungumzo yaishe. Mimi sitaki yaishe. Weka chai, keti kitako.

Daftari lako la vipimo halitoki kwenye mtoto wa meza, nakujua. Ukimpa binti kazi ya kukata, unanakili kwenye kikaratasi: kifua, kiuno, urefu. Kikaratasi kikilowa au kikipotea hujali, daftari lipo. Seli nayo ndivyo ilivyo. Daftari lake ni DNA, limefungiwa ndani ya kiini, nalo ni kubwa: herufi kama bilioni 3, zote zimeandikwa kwa alama nne tu, A, T, G na C. Hakuna anayelibeba lote kwenda nalo kazini. Ikitakiwa kazi, ukurasa mmoja, na huo ndio kinasaba, hufunuliwa, hunakiliwa, hufungwa. Nakala hiyo ndiyo RNA mjumbe, na humo kila palipo na T huandikwa U.

Ukurasa unaotuhusu sisi uko kwenye kromosomu ya 11, yaani kitita cha 11 cha daftari hilo. Una herufi 1,600 na kidogo, nao unaeleza namna ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, ile inayoipa damu wekundu na kubeba oksijeni. Ikishanakiliwa, vipande viwili vya katikati hukatwa vikatupwa na vilivyobaki vikaunganishwa. Usiniulize kwa nini daftari liandikwe na maneno ya kutupwa. Hiyo ni barua nyingine.

Nakala ikitoka nje ya kiini inakutana na ribosomu, mtambo mdogo wa seli wa kutunga protini. Hapo nikukumbushe baraza ya bibi yangu. Unakumbuka alivyokuwa akitunga shanga za maharusi? Bakuli la shanga mapajani, uzi mdomoni, sisi wawili kazi yetu kumpa aliyoitaja. "Nyekundu. Nyekundu. Nyeupe." Hakuwa akitazama utunda umefika wapi, alifuata hesabu yake tu, nasi tulipeleka bila kujua utunda utakuwa wa nani. (Tulijua. Ndiyo maana tulikuwa tukicheka.) Protini ni utunda. Shanga zake ni amino asidi, ziko aina 20, na zinavyopangana kwenye uzi ndivyo uzi utakavyojikunja na kuwa kitu: kucha, homoni, kimeng'enya cha tumboni, himoglobini. Ribosomu ndiyo bibi. Na wale wapelekaji, mimi na wewe, ni RNA ndogo ndogo. Upande mmoja kila mmoja ameshika ushanga wake, upande wa pili ana herufi tatu zinazoingia kwenye herufi tatu za nakala kama kifungo kwenye tundu lake. Kisipoingia, anarudishwa.

Herufi tatu, si moja. Alama ni nne na shanga 20. Ukisoma mbili mbili unapata maneno 16, hayatoshi. Ukisoma tatu tatu unapata 64, yanatosha na kuzidi, kwa hiyo shanga nyingi zina maneno zaidi ya moja, na maneno matatu yana kazi ya kusema "kata uzi hapa". Watu waliujua utaratibu huu kwa kuujaribu. Mwaka 1961, huko Bethesda, Marekani, Heinrich Matthaei, aliyekuwa akifanya kazi na Marshall Nirenberg, alitia kwenye mchanganyiko wa bakteria waliosagwa RNA isiyo na kitu ila U, U, U mwanzo hadi mwisho. Kikatoka kiuzi cha ushanga wa aina moja tu, fenilalanini. Neno la kwanza la kamusi likawa limejulikana.

Kingine cha kujua ni kwamba nakala haina nafasi kati ya maneno. Nimekutungia mfano, soma hii:

MTUAJEALEYAI

Tatu tatu: MTU AJE ALE YAI. Mwaliko mzuri. Sasa futa herufi moja, ile E ya AJE, halafu endelea kuhesabu tatu tatu kama ribosomu inavyofanya, maana yenyewe haijui kupumzika ikafikiri: MTU AJA LEY AI. Takataka kuanzia hapo hadi mwisho. Kuna maradhi ya damu yanayoanza hivyo. Lakini ya mwanetu siyo hayo. Ya mwanetu ni ya kubadili, si ya kufuta. Chukua U ya MTU weka I: MTI AJE ALE YAI. Ona jinsi sentensi ilivyonyooka! Hakuna anayeisoma akakwama. Ila mgeni anayekuja mezani sasa ni mti.

Kwenye ukurasa ule, neno la sita ni GAG. Kwa Jabu limeandikwa GTG. (Ukikuta mahali wanasema la saba, wameuhesabu na ushanga wa mwanzo kabisa, ambao hutolewa baadaye.) GAG inaita ushanga unaoitwa asidi glutamiki. GTG, ikishanakiliwa ikawa GUG, inaita valini. Mpelekaji wa valini amesikia neno lake, ameleta. Kifungo kimeingia tunduni. Ribosomu imetunga, ikaendelea na wa saba, wa nane, mpaka wa 146, kwa nusu dakika hivi, na nyuma yake ribosomu nyingine nne zimeshapanga foleni kwenye nakala hiyo hiyo. Hapo, shoga, ndipo ninapotaka unielewe. Seli za mwanao hazikukosea kusoma, na damu yake si chafu wala si dhaifu wa kazi. Imesoma neno kwa neno kilichoandikwa, tena kwa uaminifu unaotisha. Kila chembe nyekundu ina molekuli za himoglobini kama milioni 270, na kwa Jabu karibu zote zimetungwa hivyo.

Basi valini ina ubaya gani? Haina ubaya, ina tabia. Asidi glutamiki inapenda maji. Valini ni kama tone la mafuta, inayakimbia. Na ule wa sita umekaa nje ya molekuli, mahali pa kuonekana. Himoglobini ikiwa imeshika oksijeni hakuna neno. Ikishaiachia huko misulini, inajikunja kidogo na kufungua kijishimo ubavuni, na kijishimo hicho nacho kinapenda mafuta. Valini ya huyu inaingia kwenye kijishimo cha jirani, ya jirani kwa mwingine, zinashikana mpaka zinakuwa fito ndefu ngumu ndani ya chembe iliyotakiwa iwe laini kama andazi. Fito zinaisukuma chembe inapinda. Ndiyo selimundu.

Hilo nimeliona kwa macho yangu hapa maabara mara nyingi kuliko nilivyopenda. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unatia dawa ya kunyang'anya oksijeni, unafunika na kuziba pembeni hewa isipite, unasubiri. Mwanzoni ni visahani vya duara, vizuri, vinaelea. Ukirudi baadaye kimoja kimechongoka upande mmoja, kingine kimekuwa kama ganda la ndizi, kingine mundu kabisa, na ncha zake. Vikiwa kwenye kioo havimuumizi mtu. Kwenye mishipa myembamba ya vidole vya mtoto vinakwama kama kuni zilizowekwa kikingamo mlangoni, na nyuma yake damu haipiti. Ndiyo maana alivimba mikono na miguu akiwa na miezi minane, mkaambiwa malaria, mkapewa dawa ya malaria, mara ya pili malaria, ya tatu malaria. Na ndiyo maana kabla ya hapo alikuwa mnono hana tatizo. Mtoto tumboni hautegemei ukurasa huu. Ana himoglobini yake ya utotoni, iliyoandikwa ukurasa mwingine usio na kosa, na akishazaliwa ukurasa huo hufungwa polepole. Hakuna aliyemtupia jicho mtoto kwenye arobaini.

Kuhusu mama mkwe wako, anayesema yametoka kwenu. Ile karatasi uliyonipigia picha ni kipimo cha umeme. Damu ambayo chembe zake zimepasuliwa inadondoshwa kwenye ukanda, umeme unawashwa, himoglobini inatembea kuelekea upande chanya. Asidi glutamiki ina chaji hasi, valini haina, kwa hiyo yenye valini inabaki nyuma. Herufi moja, na unaiona kwa macho, mstari umechelewa! Mwanakemia Linus Pauling na wenzake ndio waliochapisha jambo hili mwaka 1949, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akaonyesha ni ushanga gani hasa uliobadilika. Wewe una mistari miwili, A ya himoglobini ya kawaida na S ya selimundu. Baba Jabu naye ana miwili, A na S. Kila mtu ana madaftari mawili, la babaye na la mamaye, na nyinyi kila mmoja ana moja lenye GAG na moja lenye GTG. Mnatengeneza zote mbili, ya kawaida ikizidi, na hamuugui. Jabu ameokota lile la GTG kwa baba na la GTG kwa mama. Kwa hiyo yametoka kwao na kwenu, nusu kwa nusu, kama mahari na vyombo. Mwambie au usimwambie, wewe ndiye unayeishi naye. Na kila mimba nafasi ya mtoto kuugua ni moja kwa nne upya. Haihesabu kwamba mmoja ameshaugua.

Kuna jambo moja linalonifanya nisiwe na hasira sana na herufi hii. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipita akipima damu za watu, akakuta wenye nusu, kama wewe, ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na juu milimani ni wachache mno. Yaani palipo na mbu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mwenye A na S hulindwa dhidi ya malaria kali. Sisi wa Pangani tumekaa na mbu tangu enzi na enzi. Huenda bibi wa bibi yako alipona utotoni kwa sababu ya GTG hiyo hiyo.

Dawa aliyoandikiwa, haidroksiyurea, haisahihishi herufi. Inaufungua tena kidogo ule ukurasa wa utotoni, na himoglobini ya utotoni ikichanganyika humo fito zinakatika njiani. Ndiyo maana ni ya kila siku, si ya siku ya maumivu, na ndiyo maana wanamwita kupima damu mara kwa mara, usiruke kliniki. Umeuliza kama kuna ya kumaliza kabisa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, waliruhusu tiba inayotoa seli za uboho, wanakata kitasa kinachofunga ukurasa wa utotoni, wanazirudisha. Bei yake Marekani iliporuhusiwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nimekuandikia ili ukisikia redioni usidhani nimekuficha, basi.

Jabu ameniuliza kwenye simu kama mundu zilizomo mwilini mwake zina mipini. Nimemwambia hazina, akaonekana kasikitika. Mkumbushe maji, chupa nzima aende nayo shule, na usiku wa baridi ya kusi umvalishe soksi hata akilia. Akipata homa, usingoje asubuhi.

Mdogo wake mlete. Hapa kipimo cha umeme tunaendesha Jumanne na Alhamisi, ukifika kabla ya saa nne nitampokea mwenyewe, sindano ni moja. Na ukija njoo na ule uzi mgumu wa kutungia, wa huku unakatika.

Wasalaam,
Shoga yako wa barazani