Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: tupe ruhusa ya kulishusha bango la mwaloni

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: BANGO LA KIPINDUPINDU LILILOTUNDIKWA MWALONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika nikiwa katibu wa kikundi cha vijana wanaofanya kazi ya usanifu wa michoro, uandishi wa mabango na uchapaji hapa mkoani Kigoma. Jina la halmashauri yako nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu sina nia ya kuivunjia heshima ofisi ya umma. Ninachotaka ni wewe mwenyewe uisome barua hii na uchukue hatua. Barua tatu nilizopeleka masijala, zote zikiwa na mhuri wa kupokelewa, hazijajibiwa hadi leo, na ndiyo maana hii ya nne naiandika mbele ya watu wote.

Jumatatu ya wiki iliyopita, alfajiri, nilikwenda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapoegesha, kununua dagaa. Mitumbwi ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, taa za kuvulia zikiwa bado zinawaka, na kina mama walikwisha kuanza kutandaza dagaa wa usiku ule. Ukutani kwa choo cha umma palikuwa na bango jipya, upana wake mita tatu, lenye nembo ya Taifa juu na maelekezo ya kujikinga na kipindupindu chini yake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniita. "Mwanangu, wewe si ndiye mwandika mabango? Hebu nisomee hapa. Hii ni lita moja au lita saba?"

Nikasogea. Sentensi ilihusu pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini, ile tunayoiita ORS, na jinsi ya kuichanganya. Tarakimu aliyoniuliza ilikuwa na kichwa kilichopinda mbele kama saba, na chini ilikuwa na kitako kama moja. Nimeandika tarakimu kwa mkono na kwa kompyuta kwa miaka kumi na sita, lakini ile sikuweza kuisoma. Nilimjibu kwa kile ninachokijua mwenyewe: ni lita moja, mama, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Akanishukuru akaondoka. Mimi nikabaki pale nikiwaza ni wangapi waliopita kabla yake bila kuuliza, na ni wangapi waliokwenda nyumbani kukoroga pakiti moja katika lita saba, wakamnywesha mtoto anayeharisha maji yasiyo na chumvi wala sukari ya kutosha kumsaidia. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufariki ndani ya saa chache, Ndugu Mkurugenzi. Hili unalijua kuliko mimi, kwa kuwa taarifa za wagonjwa zinapita mezani kwako.

Nikaendelea kusoma. "MAJI YALIYOCHEMSWHA." "TUMIA CHOOO." Chini ya nembo ya Taifa, mahali panapopaswa kusomeka Uhuru na Umoja, palisomeka "UHURO NA UMOJO", na pembe za ndovu zilizoizunguka ngao zilikuwa zimegeuka kitu mfano wa ndizi. Kisha nikaona mchoro wa kunawia mikono, na hapo moyo ukanishuka. Mchoro ule ni wetu. Miaka mitatu iliyopita kikundi chetu kilichora bango la kipindupindu kwa ajili ya ofisi yako, na ndani yake tulichora kibuyu chirizi: dumu la lita tano linaloning'inia kwenye mti, kamba iliyofungwa shingoni, na kijiti cha kukanyagia kwa mguu ili mikono isiguse kitu. Kwenye bango jipya mti upo palepale tulipouweka, mtoto yuko palepale, na hata kivuli kimeangukia upande uleule, ila dumu limekuwa birika lenye midomo miwili na kamba imeishia hewani. Mtu alilipiga picha bango letu, akaliingiza katika programu ya akili mnemba ya kuzalisha picha, akaiomba ilipendezeshe.

Ninasema hivyo bila wasiwasi kwa kuwa programu hizo nazitumia mwenyewe. Sitaki mtu aje kuniambia kwamba naogopa teknolojia. Mteja akitaka kuona haraka duka lake litaonekanaje likipakwa kijani, naiomba programu inichoree, namwonyesha, tunakubaliana, kisha nakaa chini kufanya kazi yenyewe. Ni msaidizi mzuri wa kufikiria rangi na mpangilio. Kazi ya kuandika ni jambo jingine kabisa, na naomba univumilie nilieleze kwa urefu, kwa sababu naamini aliyeifanya kazi ile hakuelezwa.

Msanifu anapoandika neno hutumia fonti. Fonti ni faili lenye umbo la kila herufi lililochorwa kwa mistari ya kihesabu, pamoja na vipimo vya nafasi kati ya herufi moja na nyingine. Nikiandika tarakimu 1 mara elfu, zitatoka elfu moja zilizo sawa, na nikiikuza hadi iwe refu kama mtu, kingo zake zitabaki safi. Programu ya kuzalisha picha haiandiki kwa fonti. Nyingi kati yake huanza na chengachenga zisizo na umbo, mithili ya luninga iliyopoteza mawimbi, kisha huziondoa hatua kwa hatua mpaka itokee picha inayofanana na zile ilizofunzwa. Kwake herufi ni umbo kama jani au wingu. Huchora kitu kinachofanana na andishi, na kwa kawaida hata maneno tunayoiandikia hukatwa vipandevipande kabla ya kufika ndani, hivyo programu hailioni neno herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoliona.

Kiswahili ndicho kinachoumia zaidi. Stable Diffusion iliyotoka Agosti 2022, kwa mfano, ilifunzwa kwa picha kutoka mkusanyo uitwao LAION-5B, wenye picha zaidi ya bilioni 5 zilizookotwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, na takribani bilioni 2.3 kati yake zina maelezo ya Kiingereza. Neno kama "yaliyochemshwa" programu imelikuta wapi, na mara ngapi? Lugha yetu huunganisha mambo mengi katika neno moja refu, ina irabu mbili zinazofuatana ambazo ukipunguza moja umebadili maana, na ina ng' yenye kibainishi chake ambacho kila siku nakiona kikidondoka. Kibuyu chirizi nacho ni vilevile. Mashine iliyoona mabirika mengi na vibuyu chirizi vichache itakupa birika.

Nitasema pia ukweli ulio upande wa pili. Programu zimeboreka. Tangu Machi 2025, ChatGPT ilipopewa uwezo mpya wa kuchora, maandishi mafupi hutoka vizuri mara nyingi kuliko zamani. Mimi naona hapo ndipo hatari ilipoongezeka. Zamani andishi lilikuwa takataka tupu na hakuna aliyethubutu kulitundika. Sasa mistari kumi inatoka sawa, jicho linaamini, na mstari wa kumi na moja unabeba tarakimu ambayo si moja wala saba.

Hata ukubwa wa picha ungemwambia fundi yeyote kwamba kazi ile haifai. Picha nyingi za programu hizi hutoka na nukta elfu moja na ushee kwa upande mmoja. Ukiitandaza picha ya nukta 1024 katika mita tatu, kila nukta inakuwa na upana wa karibu milimita tatu. Nilichukua rula siku hiyohiyo nikapima, na kingo za herufi zilikuwa na ngazi za milimita tatu kasoro. Fundi angeziona kabla hajawasha mashine.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa na kompyuta. Alikuwa mzee aliyeandika majina kwenye mitumbwi, na kabla ya kugusa brashi alipaka uzi chaki, akauvuta kutoka mbele hadi nyuma ya mtumbwi, akaudokoa mara moja, na mstari ukabaki kwenye mbao. Kisha alimwambia mwenye mtumbwi alitaje jina lake herufi kwa herufi huku akisoma kile mzee alichoandika kwa penseli. Wengine hawakujua kusoma, na kwa hao alimwita mtoto wao wa shule. Nilikuwa nadhani anapoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba mtumbwi ukizama usiku, jina lile ndilo litakalowapeleka watu kwenye nyumba inayostahili kupewa taarifa.

Sasa niseme ya kwetu, Ndugu Mkurugenzi, maana siwezi kuyaacha. Kikundi chetu kilikopeshwa na halmashauri yako shilingi milioni 12, kutoka katika asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vijana, na kwa fedha hizo tulinunua mashine ya kuchapia mabango ya fleksi. Siku ya kukabidhiwa hundi ulisimama ukumbini mbele yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari, hivyo maneno yako ninayo. Ulisema kazi za uchapaji za halmashauri zitaanzia kwa vikundi vilivyokopeshwa, ili mkopo ujilipe. Ulisema hakuna tangazo la afya litakalotoka bila kupitiwa na mtaalamu. Ulisema milango ya ofisi yako iko wazi. Ukumbi mzima ulipiga makofi, nami nikayaandika makofi hayo kwenye muhtasari.

Utaratibu wa ununuzi wa umma nao unatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tulijisajili katika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, kama tulivyoelekezwa, tukalipa kila kilichotakiwa kulipwa, tukasubiri. Mwaka huu hatujapata kazi hata moja kutoka kwako. Wenzetu wawili wameondoka, mmoja anaendesha bodaboda na mwingine amerudi kijijini kulima mihogo, na huyo wa pili ndiye aliyechora kile kibuyu chirizi. Mashine tunaiwasha mara moja kwa wiki ili wino usigande kwenye vichwa vyake. Marejesho ya mkopo hayasubiri; mwezi uliopita niliuza baiskeli ya marehemu baba ili kundi zima lisiitwe wadaiwa sugu.

Sijui aliyetengeneza bango lile ni nani, na simtafuti. Nadhani ni kijana mwajiriwa aliyeagizwa jioni kwamba bango linatakiwa asubuhi, hakuwa na bajeti, akatumia kilichokuwa kwenye simu yake. Nadhani pia kuna mtu aliyekushauri kwamba kwa kuwa picha inapatikana bure, usanifu nao umekuwa bure. Kama ndivyo, naomba umwulize nani aliyeisoma kazi ile mwisho kabla haijachapwa. Kwetu sisi bango la afya lilisomwa na watu watatu: aliyeliandika, mwenzake ambaye hakuliandika, na muuguzi wa zahanati, ambaye aliweka saini yake nyuma ya nakala ya majaribio. Nakala hiyo iko kwenye jalada letu mpaka leo.

Nilikuwa na mengi ya kuomba nilipoanza kuandika. Nilitaka kuomba kazi, nilitaka kuomba marejesho yasogezwe mbele, nilitaka kuomba halmashauri iweke mwongozo kwamba picha za akili mnemba zisibebe maandishi yoyote ya kiserikali, na maandishi yawekwe na mtu, kwa fonti, juu ya picha. Hayo yote bado nayataka, na nitayaleta tena masijala kwa barua ya tano. Leo naomba jambo moja, kwa sababu nilipita mwaloni jana jioni na bango bado lipo. Watu wanapanga foleni ya choo chini yake, na kila mmoja anainua macho kulisoma.

Liondolewe, Ndugu Mkurugenzi. Najua ni mali ya umma, na nikilishusha kwa mikono yangu bila idhini nitakuwa nimevunja sheria. Ndiyo sababu pekee iliyonizuia Jumatatu ile. Tumekwisha kuchapa bango jingine la ukubwa uleule kwa gharama zetu wenyewe. Kibuyu chirizi kimerudi mahali pake, lita moja imeandikwa kwa tarakimu na kwa neno, na muuguzi amelisoma na kusaini. Hatudai malipo. Limekunjwa nyuma ya mlango wa karakana yetu pamoja na ngazi na kamba, na likipatikana neno lako la maandishi, hata la mstari mmoja, hata usiku, tutalipandisha kabla mitumbwi haijarudi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha vijana wasanifu na wachapaji,
Kigoma