Mkikutana njiani, mbwa asiachwe garini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyochapa kuhusu watu wanaosafiri kwa gari-nyumba pamoja na wanyama wao. Mwandishi amesifia uhuru wa kulala unapopapenda, na hapo simpingi hata kidogo. Mimi ni mkunga mstaafu. Naye mzee wangu amestaafu, na sehemu kubwa ya mwaka tuko barabarani na mbwa wetu Kipusa na paka mmoja mkorofi aitwaye Sultani. Kilichonikera ni pale alipogusia kukutana na marafiki njiani. Anasema huwa wanapeana miadi mkahawani, wanakula, wanapiga soga mpaka jua linageuka, kisha kila mtu anashika njia yake. Mbwa hawatajwi popote. Nimesoma aya ile mara mbili nikiwatafuta.

Bila shaka walikuwa garini.

Kwa kuwa gari la namna hii lina kitanda, jiko na pazia, watu hulichukulia kama nyumba. Likiegeshwa juani limefungwa, ni gari tu. Nje kukiwa na nyuzi joto 24, hali ambayo sisi tunaiona ya kupendeza, gari dogo lililofungwa hupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za mwanzo, na ndani ya nusu saa limeshapita 40. Gari-nyumba lenye kuta nene huenda likachelewa kidogo, ila kile kioo kipana cha mbele kinaingiza jua vilevile. Kuacha dirisha wazi upenyo wa vidole viwili ni kujiliwaza. Mbwa hana jasho la mwili mzima kama letu. Ana tezi chache kwenye nyayo, na karibu kazi yote ya kujipoza inafanywa na kuhema. Sasa hewa yenyewe ikiwa moto na imejaa unyevu wa pumzi zake, atahema mpaka lini? Wale wenye pua bapa, kama bulldog na pug, huzidiwa mapema zaidi.

Nimeshajibiwa na wenzangu, "Sisi tunaacha kiyoyozi." Sawa, lakini kiyoyozi hicho kinategemea waya wa umeme wa kambini au jenereta. Swichi ikijikata yenyewe wewe uko kwenye kitindamlo na unacheka, nani atakuambia? Vipo vifaa vya kupima joto vinavyotuma ujumbe kwenye simu, navyo vinataka mtandao.

Ndiyo maana sisi miadi yetu huwa kambini, jioni, kila mtu na viti vyake. Sahani zinatoka kwenye magari. Hakuna anayekimbilia kuangalia saa, na mbwa wapo miguuni.

Hata hivyo, mbwa nao wana salamu zao, na hazifanyiki mlangoni. Tuna rafiki mwenye mbwa wawili, dume mzee asiyeona vizuri na kijana asiyetulia. Akifika, hashushi mbwa karibu na gari letu, kwa sababu Kipusa anaihesabu ngazi ile kuwa mali yake na ataitetea. Tunakwenda nao kando, mahali pasipo pa mtu, tunatembea upande mmoja tukiwa tumeachana hatua kadhaa, kamba zikiwa zimelegea. Ukiivuta kamba, mbwa anaelewa kuna hatari. Mwanzoni Kipusa hukaza mkia na kujifanya hawaoni. Baadaye ananusa majani aliyopita yule mzee, anajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini, basi, nasi tunajua sasa tunaweza kwenda kukaa. Mabakuli ya chakula tunakuwa tumeshayaondoa.

Paka hana haja ya kutambulishwa kwa mtu yeyote. Gari likitembea yumo ndani ya kizimba kilichofungwa kwa mkanda, maana breki ya ghafla haimjui paka wala kopo la maharage. Gari likisimama anabaki ndani na blanketi lake. Tatizo ni wageni. Rafiki anakuja kwa furaha, anafungua mlango bila kubisha, Sultani huyo, kapita kati ya miguu. Nimeshalala chali chini ya injini ya gari la jirani, kwa umri huu, nikibembeleza paka. Jamani, bisheni.

Jambo jingine: msipange tarehe na marafiki walio ng'ambo ya mpaka kabla hamjamwona daktari wa mifugo. Kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mbwa au paka lazima awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi na chanjo ya kichaa cha mbwa, na ikiwa ni chanjo ya kwanza husubiri siku 21 ndipo ikubalike. Chipu iwekwe kabla ya sindano, au chanjo hiyo haitahesabiwa. Nchi nyingine zina masharti yake, pengine makali zaidi.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mkiandika tena habari za safari hizi, tengeni nafasi ya dalili za mbwa aliyezidiwa na joto: kuhema kwa kasi bila kutulia, mate mazito, ufizi uliobadilika rangi, kuyumba, kutapika. Ukimkuta hivyo mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima huku mwingine akimpepea, halafu ndipo mkimbizeni kwa daktari. Msianze na safari mkiwa hamjampoza.

Msomaji wenu,
Mkunga mstaafu