Tunaonyonyesha tupatiwe chumba kazini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua akina mama tuliorudi kazini tukiwa na watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, lakini likizo yangu ya uzazi ilikuwa ya miezi 3, na tangu ilipomalizika hutoka Wete alfajiri kwenda kazini Chake Chake, nikimwacha mwanangu kwa bibi yake pamoja na maziwa niliyoyakama usiku. Ifikapo saa nne asubuhi kifua kimejaa hadi nguo inarowa, na pahala pekee pa kujikama ni chooni, ambako sidhani kama yupo mtu angekubali kuandaliwa chakula chake. Wakubwa wangu si watu wabaya. Wengi wao ni wanaume, na pengine halijawapitia akilini. Sidai jengo jipya. Chumba kidogo chenye mlango wa kufungika, kiti, maji ya kunawia na friji kingetosha, pamoja na ruhusa ya nusu saa mara mbili kwa siku isiyohesabiwa kuwa uvivu.

Mama anayenyonyesha,
Wete, Pemba