YAH: Malalamiko Kuhusu Kunakiliwa kwa Mchoro Wangu Katika Kalenda Yenu

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mchoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga, na ninakuandikia kuhusu picha iliyochapishwa katika ukurasa wa Juni wa kalenda ya kampuni yenu ya mwaka 2025. Nilipofika ofisini kwenu kuuliza, afisa masoko alinijibu kwamba msanii wenu alivutiwa tu na mtindo wa Tingatinga, na kwamba mtindo huo hauna mwenyewe.

Hilo la mwisho silipingi. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli mwaka 1968, mtindo huu umepita mkono kwa mkono, kwanza kwa ndugu na wanafunzi wake, na baada ya kifo chake mwaka 1972 kwa kila aliyekubali kuketi chini na kujifunza. Mimi mwenyewe nilianza kwa kupaka rangi ya nyuma katika picha za mwalimu wangu, na ni baadaye sana aliponiruhusu kutia madoa ya chui. Chui, mbuyu na ndege kanga si mali yangu, na msanii wenu angevichora apendavyo nisingekuwa na neno.

Lakini kilichomo katika kalenda ni mchoro wangu: kanga saba wakishuka kilima kwa mstari, mbuyu umeinamia kushoto, na kanga wa mwisho ana mguu mmoja. Mguu wa pili haukukosekana kwa kupangwa tangu mwanzo. Kibao nilichochorea kilimeguka pembeni, nikaona afadhali niufunike kwa rangi ya nyuma kuliko kumharibu ndege mzima. Aliyevutiwa na mtindo angempa kanga wake miguu miwili. Wenu amechukua hata kasoro iliyotokana na kibao changu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo, bali hulinda kazi iliyokwisha kutengenezwa, na hii ni kazi ya mikono yangu. Kwa hiyo ninaomba msitishe kusambaza kalenda hiyo, mkiri kwa maandishi kwamba mchoro ni wangu, na tukutane kupatana malipo. Nimeambatanisha picha nilizokipiga kibao hicho kabla ya kukiuza mwaka 2023. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Wako mwaminifu,

Mchoraji