Kwa mwanangu uliyeacha uchungaji

Bwana Yesu asifiwe, mwanangu.

Uliponipigia kunieleza kwamba umeacha chuo cha uchungaji ili unoe timu ya watoto, nilikukatia simu kwa hasira. Mama yako alininunia siku mbili. Leo nakuandikia kwa sababu nimesoma habari za mtu mmoja, nikaona nilivyokukosea.

Anaitwa Amos Alonzo Stagg. Alizaliwa mwaka 1862 huko New Jersey, Marekani, mtoto wa fundi viatu kama wewe. Akaenda Chuo Kikuu cha Yale akasomea uchungaji. Alikuwa mrushaji hodari wa besiboli, timu za kulipwa zikamtaka, akakataa fedha zao. Lakini mimbarini ulimi ulikuwa mzito, akaona vijana atawafikia vizuri zaidi uwanjani. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892, akaajiriwa kufundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kukamatana na kuangushana. Wachezaji hawakutosha, ikabidi kocha mwenyewe aingie dimbani! Tena huko nyuma, akiwa bado Yale, alikunja godoro akalitundika ili wenzake wajifunze kumvaa mtu na kumwangusha. Hilo godoro halinitoki kichwani. Najua na wewe huna vifaa.

Mkewe, Stella, alikuwa akikaa jukwaani na karatasi, anachora namna timu zinavyocheza. Chicago walikaa misimu 41. Stagg alipofikisha miaka 70 chuo kikamstaafisha, yeye hakutundika daluga. Akahamia California kukinoa kikosi cha Chuo cha Pacific, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Baadaye akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe, ambaye naye alikuwa kocha. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini, nikatoka nje kidogo. Mzee wa miaka zaidi ya 80 anasimama uwanjani pamoja na mtoto wake, na mimi wangu nimemkatia simu. Nisamehe, mwanangu.

Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102.

Zile daluga zako ulizoacha uvunguni nimezitia soli mpya. Ya kulia ilikuwa imeachama pembeni, nimeishona mara mbili kwa uzi wa nailoni. Nazituma kwa basi la Jumamosi asubuhi. Nipigie ukizipokea, nami nitakuwa na simu mkononi.

Baba yako