YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHUMBA NILICHOLIPIA NA MANENO YA MENEJA WENU PALE KAUNTA

Kwa uongozi wa hoteli,

Habari zenu. Naandika kwa Kiswahili makusudi, Kijerumani changu kiliishia pale kaunta kwenu Jumamosi. Tafuteni wa kuwatafsiria, na mtamlipa nyinyi.

Buking mnayo. Siku 4 Zermatt, kitanda kimoja kikubwa, dirisha la kuangalia mlima Matterhorn, franki 1,640 nimelipa zote tangu Novemba. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sasa mlituuliza lini kabla ya kubadilisha chumba?

Tumefika tumechoka, treni ya kutoka Täsch imejaa tumesimama na skii zetu, meneja wenu akaangalia kitambulisho changu, akaangalia cha mume wangu, wote wanaume, halafu akauliza kwa sauti, foleni yote iko nyuma yetu, "Sasa bibi ni yupi hapa?" Watu wakacheka. Mume wangu akauachia mkono wangu.

Tukapelekwa chini kando ya stoo ya buti, vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, harufu ya soksi mbichi usiku kucha. Ati kile chetu kina hitilafu. Hitilafu gani, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mumewe ametuambia wamepewa wao bila hata kuomba! Basi tukavisukuma vitanda vikakutana, yameisha. Jumatatu tumerudi kutoka Gornergrat, siku tamu kuliko zote, mume wangu ananifundisha kukata kona na skii (nimeanguka mara 11, alihesabu), tunafungua mlango tunakuta vitanda vimetenganishwa na meza imewekwa katikati. Na taa juu yake. Nani aliwatuma?

Hata hayo ya vitanda ningenyamaza. Lakini imeli yenu inasema ilikuwa "kutoelewana kwa lugha" na hapo ndipo nimepandwa. Tumeelewana vizuri sana. Alikuwa anagonga kadi ya chumba kwenye kaunta, tak tak tak, anatabasamu, bibi ni yupi, na aliposikia wamecheka akarudia, polepole, kama anayetusaidia kuelewa. Mume wangu nimekaa naye miaka sita, tumeoana Zürich Agosti 2022, sheria ya kuturuhusu kuoana ina mwezi mmoja tu, ameshika mkono wangu kwenye tramu, ameushika hospitalini mamake alipolazwa, hajawahi kuuachia. Kwenu aliuachia. Glavu yake ikaanguka na hakuinama kuiokota. Mimi nimekulia Mombasa, kashfa nimezisikia, lakini sijawahi kuzilipia franki 410 kwa usiku mmoja.

Mwanzo nilitaka tofauti ya bei tu. Baada ya hiyo imeli nataka 1,640 zote. Na barua ya kuomba radhi, aandikiwe mume wangu si mimi, aiandike meneja mwenyewe kwa mkono. Nawapa siku 14. Zikipita naenda polisi, kifungu 261bis cha sheria ya jinai ya Uswisi, kile cha ubaguzi, tangu 2020 kinatulinda na sisi, Waswisi wenyewe walikipigia kura, ni faini au hadi miaka 3 jela na kesi inaendelea hata mkinibembeleza niiache. Yule mama ametupa namba yake, anasema atakuja kueleza alichosikia.

Na ile glavu, ya kushoto, ya bluu, mtume pia.

Wenu mgeni wa chumba cha chini